Wapanda miamba nao wapewe mdhamini

Mtoto akikosa mpira wa dukani anasokota makaratasi, anafunga kamba, mechi inaanza. Mpanda miamba hana ujanja huo. Kamba ikichakaa inatupwa. Ukiing'ang'ania, itakuangusha uko juu.

Ndiyo maana wanaopanda miamba ya Hell's Gate, Naivasha, wakibisha hodi kwa wadhamini wasikilizwe. Si mishahara ya mastaa hiyo. Ni kamba, viatu na mikanda ya usalama.

Eti mchezo hauna mvuto? Olimpiki ya Paris 2024, Veddriq Leonardo wa Indonesia alipanda ukuta wa mita 15 kwa sekunde 4.75. VAR haijawashwa, mtu keshamaliza! Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Indonesia nje ya badminton. Kenya, ambayo dhahabu zake karibu zote ni za riadha, ijifunze hapo.

Lakini wapandaji nao wasikae hifadhini kusubiri hisani. Ukuta ujengwe mjini, mashindano yapigwe Jumamosi kabla ya mechi, watu waone nembo kifuani. Mdhamini hatoi sadaka, analipia kuonekana.