Mchanga wa Triops Usimwagwe

Julai 2021, baada ya mvua kubwa kaskazini mwa Arizona, Marekani, kiwanja cha kale cha mpira katika hifadhi ya Wupatki kiligeuka dimbwi. Watalii wakawaendea wafanyakazi wa hifadhi na habari ya viumbe wa ajabu majini: mamia yao, wana gamba pana mgongoni kama ngao, mkia wenye ncha mbili ndefu, na macho matatu. Hakuna aliyewaleta. Mayai yao yalikuwa yamelala udongoni, yakingoja maji.

Hao ni triops, jamaa wa kamba na kaa wanaoishi katika madimbwi ya maji baridi yasiyodumu. Jina lenyewe kwa Kigiriki ni "macho matatu". Mayai ya namna hiyo huuzwa Marekani, Ulaya na Japani katika visanduku vya watoto: mayai kidogo yaliyochanganywa na mchanga, chakula, na karatasi ya maelekezo. Kazi ya mwenye nyumba ni kuongeza maji.

Hapo kwenye maji ndipo wengi hukwama. Klorini ya bomba huwaua, na chembe za shaba kutoka kwenye mabomba ya zamani ni sumu kwao. Wanataka maji yenye madini machache, joto la nyuzi 23 hadi 28 hivi, na mwanga. Vikipatikana hivyo, vifaranga hutoka kwa siku moja au mbili, wakiwa nukta tu zinazorukaruka. Hukua kwa kasi ya kushangaza, wakijivua gamba mara kwa mara, na ndani ya wiki mbili au tatu huanza kutaga. Katika baadhi ya jamii zao hata dume hahitajiki. Chakula kikipungua, mkubwa humla mdogo. Ni nadra kumwona aliyefikisha miezi mitatu.

Mtoto asiyeambiwa haya mapema atalia, na kosa si lake. Ni la watu wazima wanaompa kisanduku chenye picha ya dinosau wakamwacha aamini amepata rafiki wa miaka. Hata hilo la dinosau lina chumvi. Ni kweli visukuku vya jamii hii vina zaidi ya miaka milioni 200, na umbo limebadilika kidogo sana. Lakini utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba spishi za leo zilitengana baadaye mno, dinosau wakiwa wameshatoweka zamani. Mtoto anastahili kuambiwa hivyo. Ukweli huo haupunguzi utamu wa jambo hata chembe.

Utamu wenyewe, kwa kweli, huanza pale familia nyingi zinapodhani umekwisha. Triops wa mwisho akifa, tangi humwagwa na mchanga hutupwa, pamoja na mayai yaliyomo. Mchanga huo ungekaushwa kabisa, ukahifadhiwa wiki kadhaa, kisha ukalowekwa tena, kizazi kipya kingetoka. Wala mayai hayatoki yote kwa mara moja. Mengine hubaki yamelala hata maji yakiwepo, kwa sababu mvua ya kwanza inaweza kuwa ya kudanganya: dimbwi likikauka kabla triops hawajataga, akiba ipo chini. Hakuna kitabu cha shule kinachoweza kumwonyesha mtoto jambo hilo waziwazi kuliko bakuli mezani kwake.

Kumwaga tangi mtoni au bwawani ni hatari zaidi. Huko Japani triops hufukua tope la mashamba ya mpunga na kung'oa magugu, na wakulima wengine huwafurahia, maana miche hupandikizwa ikiwa imeshakomaa kiasi. California mbegu humwagwa kwa ndege moja kwa moja majini, na triops walewale hung'oa miche michanga. Huko ni wadudu waharibifu. Uingereza nayo ina triops wake wa asili, adimu na wanaolindwa na sheria. Mgeni wa kisandukuni hana kazi katika maji ya namna hiyo.

Kwa hiyo, mzazi uliye Minneapolis au London unayemnunulia mwanao kisanduku hiki, usimwage kitu. Mchanga ukikauka, utie kwenye bahasha, mwache mtoto aandike tarehe juu yake, na baada ya miezi michache mletee bakuli la maji safi.