Uhuru ulijadiliwa London, mashamba ya chai yakabaki vilevile

Kila Mashujaa Dei tunaambiwa tukumbuke tulikotoka. Sawa. Lakini hebu nikuulize: tukumbuke karatasi gani?

Mkataba wa uhuru wetu haukujadiliwa Kericho wala Nairobi. Ulijadiliwa London, ndani ya jumba la Lancaster House, katika mikutano ya 1960, 1962 na 1963. Mwanasiasa wa Kipsigis, Taaitta Toweett, alikuwa miongoni mwa wajumbe.

Jumba lenyewe lina stori. Zamani lilikuwa makao ya familia ya Sutherland, ile iliyofukuza maelfu ya wakulima kwenye ardhi yake kule Uskoti ili kupisha kondoo. Mwaka 1912 likanunuliwa na tajiri wa sabuni, William Lever, akalitoa kwa serikali na kulipa jina la jimbo la kwao, Lancashire. Kampuni yake baadaye iliungana na nyingine ikawa Unilever. Na mwaka 1984 Unilever ikanunua Brooke Bond, pamoja na mashamba yake ya chai ya Kericho.

Sisemi kuna njama. Lever alikufa 1925, hakujua chochote kuhusu uhuru wetu. Nasema hivi: meza ya uhuru iliwekwa kwa nyumba ya wenye mali, na mali ikalindwa.

Angalia kilichofuata. Katiba ya uhuru ililinda hati za ardhi zilizokuwepo. Mzungu akitaka kuondoka, shamba lake linunuliwe. Ndiyo maana ya ule mpango wa ekari milioni moja: Mkenya kukopeshwa pesa anunue ardhi ambayo babu yake hakuwahi kuiuza. Mashamba makubwa ya chai hata hayakuguswa. Bendera ilibadilika, mabua ya chai yakabaki palepale.

Sasa kuna karatasi ya pili, ambayo hakuna anayeisomea hotuba. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Walaibon, yaani ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Si wazee pekee. Akina mama na watoto pia walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na mbu. Waliruhusiwa kurudi uhuru ukikaribia, lakini kurudi wapi? Mpaka leo kuna familia zao Kericho zisizo na shamba.

Ndio, kuna hatua zimepigwa. Katiba ya 2010 ilisema mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99, kwa hivyo zile hati za miaka 999 zikakatwa. Mwaka 2022, Wakipsigis na Watalai waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Oktoba 2023 sherehe ya kitaifa ya Mashujaa ikafanyika Kericho kwenyewe, na kabla mwezi kuisha Mfalme Charles akatua Nairobi. Alizungumzia huzuni na majuto. Msamaha rasmi? Hakuomba.

Mwaka huohuo kampuni ya Finlays ilitangaza kuuza biashara yake ya chai ya Kenya kwa Browns Investments ya Sri Lanka, na asilimia 15 iuzwe kwa ushirika wa wenyeji. Ona neno hilo: iuzwe. Miaka sitini baada ya Lancaster House, bado mwenyeji anauziwa kipande cha kilichokuwa chake.

Kwa hivyo wewe kijana wa Kericho, Bomet, au uliye Nairobi ukinywa chai ya maziwa saa hii, kukumbuka si kusimama juani ukingoja gwaride. Uliza maswali ya leo. Wanachama wa huo ushirika ni kina nani? Nani aliwachagua? Faida itafikia familia zilizorudi kutoka Gwassi, au itaishia kwa walewale wenye magari makubwa?

Na siku ya sherehe, karatasi zote mbili zisomwe hadharani, ya London na ya 1934. Ukisoma moja tu, utadhani stori iliisha vizuri.