Nyumba ya Mwislamu: Kitanda cha Mgonjwa

Ndugu zetu katika Uislamu, hutokea mzee katika nyumba akapooza, au akavunjika nyonga, ikawa makazi yake ni kitandani usiku na mchana. Watoto wake humnunulia kitanda cha fahari, wakadhani wamekwisha kuitimiza haki yake. Hasha! Kitanda cha pambo ni kingine, na kitanda cha mgonjwa ni kingine.

Kitanda cha kamba kilicholegea humzamisha mgonjwa katikati, wala hawezi kujigeuza. Samadari ndefu humwia mlima. Kinachomfaa ni kile ambacho akikaa ukingoni nyayo zake hukanyaga sakafu. Vile vya hospitali huinuliwa ili mwuguzi asivunjike mgongo, kisha hushushwa mgonjwa anapotaka kuteremka. Na upande wa mchago huinuka ili ale bila ya kupaliwa.

Ama adui mkubwa wa mgonjwa huyu ni vidonda vya kulalia. Nyama ikibanwa baina ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama hufa. Huanzia matakoni, nyongani na visiginoni. Kwa hivyo ageuzwe kila baada ya saa 2 au kama daktari atakavyoagiza, tena ainuliwe, asiburutwe juu ya shuka. Mtazameni mwili kila siku: pakiwa peusi zaidi, pa moto au pagumu, msipasugue, bali mwondoleeni uzito mahali hapo na mwiteni daktari. Godoro la upepo husaidia, lakini halimwondolei mtu wajibu wa kumgeuza mgonjwa.

Na Swala je? Maadamu akili yake ipo, Swala haimwondokei. Imepokewa na Bukhari kwamba Imran bin Huswayn (r.a.), aliyekuwa na bawasiri, alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya Swala yake, akaamrishwa asimame, asipoweza, akae, asipoweza, aswali kwa ubavu. Katika pwani yetu, toka Mombasa hata Dar es Salaam, Kibla kiko kaskazini. Basi wekeni mchago mashariki na miguu magharibi. Mgonjwa akilazwa ubavu wa kulia ataelekea Kibla. Wakati wa Swala ukifika, zamu ya ubavu huo na iwe ndiyo hiyo. Maji yakimdhuru, atayamamu.

Jambo la mwisho ndilo zito. Ni nani huamka saa nane za usiku kumgeuza mzee? Mara nyingi ni mke wa nyumba peke yake, na wana wa kiume wamelala. Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa amewakataza wana kuwaguna wazazi wao waliozeeka, na amri hiyo hakuwahusu wanawake tu. Gawaneni zamu. Kitanda hununuliwa mara moja. Wema hutakiwa kila baada ya saa 2.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe taufiki ya kuwatumikia. Amin.