Tuzo ya Oktoba na deni la Punia

Oktoba ikikaribia, wachumi huanza kubahatisha nani atapewa tuzo ya uchumi ya kumbukumbu ya Alfred Nobel. Kampuni ya Clarivate hutangaza majina yake kwa kuhesabu ni mara ngapi maandishi ya msomi yametajwa na wenzake. Waliowataja Daron Acemoglu na James Robinson kabla ya ushindi wao wa 2024 hawakuhitaji ramli: wawili hao walikuwa midomoni mwa watu kwa miaka.

Kipimo hicho hakitoshi. Kwa Maniema, mkoa wetu huku mashariki mwa Kongo, ni dharau.

Tuangalie Punia, eneo letu la kasiterite, yaani mawe ya bati. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, inayozitaka kampuni zieleze kama bati, koltani, wolframu na dhahabu yao vinatoka Kongo au kwa majirani zake. Septemba Rais Joseph Kabila akapiga marufuku uchimbaji wa mikono Maniema na Kivu zote mbili. Marufuku ikaondolewa Machi 2011. Wanunuzi wengi wa nje waliona heri wasinunue kabisa. Mchimbaji akabaki na mfuko wake wa mawe mazito pembeni ya nyumba, na mawe hayanunui chumvi, sabuni wala dawa ya mtoto.

Wachumi walikuja kupima baadaye. Mwaka 2016 Dominic Parker, Jeremy Foltz na David Elsea walichapisha utafiti: vifo vya watoto wachanga viliongezeka katika vijiji vilivyo karibu na migodi iliyolengwa na sheria hiyo. Hesabu hizo zinastahili kuwauma watetezi wa sheria huko Washington. Lakini ziliandikwa kwa Kiingereza, wasomi wakisomeana, wakati habari yenyewe ni ya akina mama wa huku.

Huenda siku moja tuzo ikaangukia kazi iliyofanywa kwenye migodi ya mashariki mwa Kongo. Hatutashangilia kwa hilo tu. Mwaka 2025 washindi waligawana krona milioni 11 za Uswidi. Kutafsiri utafiti mmoja ni senti tu mbele ya fedha hizo.

Tunadai hivi: mtafiti yeyote anayeondoka Maniema na majibu ya watu wetu aahidi kwa maandishi, kabla ya kupewa kibali, kwamba atarudisha matokeo kwa Kiswahili. Asiyetaka, mkoa umnyime. Chuo Kikuu cha Kindu kiyatunze na kuyasomesha, na kianze na utafiti huo wa 2016.