Mtoto Si Mzito, Risiva Ndiyo Iliyokufa

WAHENGA walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii ni kipenzi cha walimu, nami niliitumia kwa miaka mingi pasi na kuitafakari, hadi siku nilipong'amua kwamba miongoni mwa wasiolisikia la mkuu wamo wanaotamani mno kulisikia, ila kidude kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele kimewanyima nafasi hiyo.

Mimi ni mhadhiri wa isimu. Kwa zaidi ya mwongo mmoja nimekuwa nikifundisha fonetiki, taaluma ambayo mtaji wake mkuu ni sikio. Hebu fikiria basi, mpenzi msomaji, fadhaa iliyonipata katika zoezi moja la matamshi, pale mwanafunzi alipotamka "fisi" nami nikamkosoa kwamba ametamka "sisi". Akarudia. Nikamkosoa tena na kumkata alama. Darasa likanyamaza ule unyamavu ambao kila mwalimu aliyewahi kukosea mbele ya watu anaufahamu vyema. Binti mmoja wa safu ya mbele ndiye aliyenionea huruma akasema, "Mwalimu, amesema fisi."

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 43, na nilikuwa nimevaa mashine za masikio kwa miaka miwili. Nilidhani zinafanya kazi. Zilikuwa zikiwaka, betri zilikuwa mpya, na sauti za watu nilizipata. Nilichokosa ni ncha za maneno. Nilipozipeleka kwa waliokuwa wakizihudumia, niliambiwa, bila hata kufunguliwa kifaa, kwamba mashine zimechakaa na kwamba yafaa ninunue jozi nyingine kwa zaidi ya shilingi laki moja na nusu. Nilikaribia kukopa. Bahati nzuri fundi mwingine aliichomoa risiva ya upande wa kulia, akaichomeka kwa muda kwenye mashine ya kushoto, na papo hapo mashine "iliyochakaa" ikafufuka. Mashine ilikuwa nzima. Risiva ndiyo iliyokufa, na bei ya nyingine haikufika hata sehemu ya kumi ya ile niliyotajiwa.

Jina lenyewe linapotosha. Risiva, kwa maana ya Kiingereza lilikotoka, ni kipokeaji, na mtu yeyote angedhani ndiyo sehemu inayoipokea sauti kutoka nje. Sivyo. Sauti hupokewa na maikrofoni, ikapitia kwenye chombo cha kuikuza, kisha risiva ikaugeuza umeme ule kuwa sauti tena na kuitia sikioni. Kwa hakika ni spika ndogo. Jina hilo ni urithi wa simu, chombo ambacho Alexander Graham Bell alipewa hataza yake mwaka 1876. Katika simu, sehemu iliyowekwa sikioni ndiyo iliyopokea umeme kutoka mbali, ikaitwa kipokeaji. Vifaa vya kwanza vya umeme vya kusaidia kusikia viliundwa kwa ufundi huo huo wa simu, navyo vikarithi jina. Mimi nitaendelea kusema risiva, kwa kuwa ndivyo wasemavyo mafundi.

Zipo mashine za aina mbili kuu ambazo mwalimu atakutana nazo. Aina ya kwanza hukaa nyuma ya sikio, na risiva yake imo ndani ya kasha, sauti ikipitia katika mrija wa plastiki hadi kwenye kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio la mwenyewe. Aina ya pili nayo hukaa nyuma ya sikio, ila risiva yake imeshuka kwa waya mwembamba hadi ndani ya tundu la sikio, ikiwa imevishwa kikofia laini cha mpira. Hii ya pili ni nyepesi, haionekani sana, na sauti yake ni safi. Ndiyo niliyo nayo. Lakini risiva iliyomo tunduni huishi katika jasho na nta ya sikio mchana kutwa, na ndani yake kuna sumaku, koili ya waya mwembamba na kiutando ambavyo havipendani na unyevu hata kidogo. Ndiyo maana aghalabu sehemu hiyo hufa kabla ya nyingine zote, hasa kwetu sisi ambao tuna joto la Mombasa na Lamu, au vumbi la nyanda kavu.

Risiva hazifanani. Kwanza huna budi kuzingatia nguvu. Watengenezaji hutoa risiva za nguvu ndogo, za wastani, kubwa na kubwa zaidi, na mtaalamu huchagua kwa kufuata chati ya usikivu iliyopimwa kwa desibeli. Kuna dhana potovu kwamba yenye nguvu zaidi ndiyo bora. Risiva yenye nguvu ni nene, huziba sikio, hudai kizibo kinachobana barabara la sivyo hupiga mluzi, na ikiwa haikurekebishwa vyema yaweza kuuharibu usikivu uliosalia. Iliyo dhaifu kupita kiasi nayo hukoroma kama redio iliyofunguliwa hadi mwisho. Inayofaa ni ile inayotosheleza upungufu wa leo na kuacha nafasi kidogo kwa ajili ya kesho. Pili, urefu wa waya: ukizidi, waya hujikunja na kuchomoza nje, ukipungua, huivuta mashine itoke mahali pake. Tatu, upande: alama nyekundu ni ya sikio la kulia, ya buluu ni ya kushoto. Mwisho, risiva ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, na mara nyingi hata toleo moja la kampuni ile ile halikubali risiva ya toleo jingine. Ukibadilisha risiva kwa nyingine ya nguvu ile ile, waweza kuendelea na shughuli zako. Ukibadilisha nguvu, sharti mashine irudishwe kwa mtaalamu ipangwe upya kwa kompyuta.

Sasa nirejee kwa fisi wangu. Irabu za Kiswahili, zile tano tunazojivunia kwa uwazi wake, nguvu zake kuu zimo chini ya hezi 3000 hivi. Sauti ya "s" nguvu zake zimo juu ya hezi 4000, na "f" ni hafifu tena imetawanyika. Simu za zamani zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3400 tu, ndiyo maana tulipotaja majina yetu kwenye simu tulilazimika kuyatamka herufi kwa herufi. Risiva inayokufa polepole, au iliyozibwa na nta, aghalabu hukufanyia vivyo hivyo: inakuachia irabu na kuiba konsonanti nyepesi. Mtoto anasikia kwamba mwalimu anasema. Anageuka akiitwa. Kwa hiyo mwalimu anaamini kwamba mashine inafanya kazi. Ila mtoto huyo hawezi kutofautisha pika, fika na shika, wala pita, sita na vita, wala saka na shaka. Mwulize "tatu na tatu ni ngapi", atakujibu vyema. Mwambie "andika sita", ataandika "pita". Katika ripoti ya muhula ataandikiwa kuwa ni mzito, hana makini, ajitahidi zaidi.

Walimu wenzangu, hapa ndipo ninapotaka tusikizane. Kuna jaribio lisilogharimu hata senti moja, lililobuniwa na Daniel Ling, mtaalamu wa elimu ya viziwi. Hutumia sauti sita tu: m, u, a, i, sh, s. Zote sita ni sauti za Kiswahili, kana kwamba jaribio lilitungwa kwa ajili yetu. Mwalimu husimama umbali wa mita moja au mbili, akauficha mdomo wake kwa karatasi ili mtoto asisome midomo, kisha akatamka sauti moja moja kwa sauti ya kawaida, bila mpangilio na bila mapigo ya kuotea. Mtoto huirudia. M na u huonyesha kama sauti za chini zinapita, a ni ya kati, sh na s ni za juu. Mtoto ambaye wiki jana alizirudia zote na leo anapotewa na sh na s hajawa mjinga kati ya Ijumaa na Jumatatu. Jaribio zima halichukui muda wa kuita daftari la mahudhurio.

Akishindwa, tusikimbilie kusema mashine imekufa. Badilisha betri kwanza. Zile ndogo zenye kibandiko huhitaji hewa, hivyo ukishakibandua subiri kidogo kabla ya kuifunga. Kisha tazama kichujio cha nta kilicho kwenye ncha ya risiva, kidude cheupe mfano wa kitundu cha sindano, ukakibadilishe kwa kingine. Kama ni mashine ya mrija, chunguza iwapo mrija una maji au umekakamaa. Yote hayo yakishindikana, jaribu risiva ya upande wa pili iwapo ni ya nguvu sawa. Na usiku mashine ilale katika mkebe mkavu wenye vile vipakiti vya kufyonza unyevu, si juu ya dirisha.

Wapo watakaosema kwamba mtoto asiyesikia afundishwe Lugha ya Ishara basi, tuachane na waya. Sina ugomvi nao. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake, si mchezo wa mikono, na Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka dola iiendeleze. Kuna watoto ambao hiyo ndiyo lugha yao, na mashine haitawafaa kitu. Ninaowazungumzia mimi ni wale ambao wana usikivu uliosalia, wamepewa mashine, kisha wakaachwa nayo ikiwa bubu. Kifungu cha 54 cha Katiba hiyo hiyo kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vyake. Je, kifaa kisichotoa sauti ni kifaa? Mwenye kutoa mashine bila risiva ya akiba na vichujio vya mwaka mzima ametoa gari bila magurudumu.

Juzi nilizuru shule moja ya msingi mashambani. Mwalimu wa elimu maalum alinifungulia droo ya meza yake, na ndani nikahesabu mashine kumi na moja, zote zile zenye risiva ya waya, za kampuni nne tofauti. Zilitolewa na wafadhili mbalimbali, kila mmoja na sherehe yake na picha zake. Hakuna aliyemwuliza mwalimu yule angependa aina gani. Angeulizwa, angejibu kwamba kwa mtoto wa miaka saba anayecheza kandanda mavumbini, afadhali ile ya mrija na kizibo, kwa kuwa risiva yake imejificha mbali na nta, na sikio la mtoto likikua hubadilishwa kizibo tu. Tena angeomba zote ziwe za kampuni moja, ili iliyovunjika izigawie wenzake viungo.

Yule fundi wangu, niliyekwenda naye kwa nauli yangu, aliketi na droo ile tangu saa nne hadi adhuhuri. Mashine tatu zilihitaji vichujio vya nta pekee. Ya nne ilipata risiva kutoka kwa mwenzake aliyepasuka kasha. Kabla ya kengele ya chakula cha mchana watoto wanne walikuwa wamesimama mbele ya mwalimu wao, yeye ameuficha mdomo nyuma ya kitabu cha mazoezi, nao wanamrudishia: m, u, a, i, sh, s. Mashine saba bado zimo kwenye droo.