Jino lililotibiwa likiuma tena, kung'oa kusiwe jibu la kwanza

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba tiba iliyolipiwa na umma ni hisani, na kwamba anayepewa hisani hana ruhusa ya kuuliza maswali. Fikira hii hudhihirika sana katika kliniki za meno. Mtu hutibiwa mzizi wa jino kwa bima ya umma, jino likauma tena baada ya miezi kadhaa, naye arudipo huambiwa kwa mkato kwamba litang'olewa.

Mimi ni mwalimu, na neno hilo niliwahi kuambiwa hata kabla gego langu halijapigwa picha ya eksirei. Sitaitaja hospitali yenyewe, kwani ninalolalamikia ni mazoea yaliyoenea.

Yafaa kwanza ieleweke tiba hii ni nini. Daktari hutoboa jino, akaondoa kiini kilichoambukizwa, akasafisha mifereji iliyomo mizizini, kisha akaiziba ili vijidudu visipate makao. Maumivu ya siku chache baada ya kazi hiyo ni ya kawaida. Lakini uvimbe unaorudi, usaha utokao ufizini au maumivu ya kutafuna miezi kadhaa baadaye ni dalili kwamba huenda tiba imeshindwa.

Sababu za kushindwa si uzembe daima. Gego la kwanza la juu mara nyingi huwa na mifereji minne, na mmojawapo ni mwembamba kiasi cha kukwepa jicho la daktari. Wakati mwingine mzizi umepasuka, au kizibo kimevuja na mate yakapenya pamoja na vijidudu. Kwa hivyo swali la kwanza la mgonjwa na liwe: kwa nini tiba imeshindwa? Asiyejibiwa hilo hawezi kuchagua kwa busara.

Akishajibiwa, njia zipo. Ya kwanza ni kurudia tiba: kizibo cha zamani huondolewa na mifereji kusafishwa upya. Ya pili ni upasuaji mdogo ambapo ufizi hufunguliwa, ncha ya mzizi ikakatwa na tundu lake kuzibwa. Ya tatu ni kung'oa, kisha pengo likaachwa au likazibwa kwa meno ya bandia, kwa daraja linaloshikizwa meno jirani, au kwa jino la kupandikizwa katika mfupa wa taya. Mzizi uliopasuka wima kwa kawaida hauokoleki, na hapo kung'oa ndiko hekima.

Aidha, tusidanganywe na vidonge. Antibiotiki peke yake haziponyi jino hilo, kwa kuwa ndani yake hamna tena mishipa ya damu ya kuzifikisha penye maradhi. Lakini uvimbe ukishuka shingoni, au mgonjwa akashindwa kumeza au kupumua, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitalini saa hiyo hiyo.

Sheria iko upande wa mgonjwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, na kifungu cha 46 kinadai huduma za ubora unaofaa, hata zitolewapo na asasi za umma. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, tiba zinazopatikana, faida, hatari na gharama zake. Sheria hiyo inampa pia haki ya kulalamika na lalamiko lake kuchunguzwa.

Isitoshe, hisani inayosemwa haipo. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Alipaye ana haki ya kuuliza.

Najua madaktari wa meno ni wachache na foleni ni ndefu. Kung'oa huweza kumalizika kwa dakika chache, ilhali kurudia tiba huhitaji muda mrefu, vifaa na ujuzi. Hata hivyo, uhaba haumzuii daktari kusema ukweli: kwamba jino laweza kuokolewa, ingawa si katika kliniki hii, na barua ya rufaa ni hii.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Gego lililotolewa kiini mara nyingi huhitaji kofia ya kulikinga lisipasuke wala kuvuja. Mpango wa umma ukilipia mfereji na kukataa kofia, huwa umenunua kushindwa, kisha ukalipia kung'oa. Nawaomba wanaopanga orodha za bima waihesabu tiba ya mzizi kuwa kazi moja, kuanzia picha ya kwanza hadi kofia, pamoja na kurudiwa pale eksirei inapoonyesha matumaini.

Nanyi walimu na wanafunzi, mkiketi katika kiti cha daktari, ulizeni maswali matatu: limeshindwa kwa nini, njia ni zipi, na kila moja itagharimu nini? Jino la utu uzima likishang'olewa halioti tena.