Iceland, haidrojeni na mvuke wa Olkaria

Mwezi Aprili mwaka 2003 kituo cha kujazia haidrojeni kilifunguliwa Reykjavik, mji mkuu wa Iceland. Miezi michache baadaye mabasi matatu ya abiria yakaanza kuzunguka mjini humo yakitoa mvuke wa maji badala ya moshi. Serikali ya kisiwa hicho ilikuwa imekwishatangaza azma ya kuachana kabisa na petroli na dizeli.

Hoja yake ilikuwa na mashiko. Karibu umeme wote wa Iceland hutokana na maji na joto la ardhini, ilhali meli zake za uvuvi na magari yake yalitegemea mafuta yaliyoagizwa kutoka nje. Bragi Árnason, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Iceland, alikuwa akisisitiza tangu miaka ya 1970 kwamba umeme huo ungeweza kutenganisha maji, na haidrojeni ipatikanayo ikaendesha vyombo hivyo. Mwaka 1999 iliundwa kampuni ya ubia iliyozishirikisha Shell, DaimlerChrysler na Norsk Hydro.

Mabasi yalifanya kazi, lakini mwaka 2007 yaliondolewa barabarani. Mwaka uliofuata benki za nchi hiyo zikaanguka, na wako wanaodai kwamba ndizo zilizoiua ndoto hiyo. Dai hilo linatosheleza nusu tu. Kasoro kubwa ilikuwamo ndani ya hesabu yenyewe.

Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni huhitaji uniti 50 za umeme au zaidi. Kilo hiyo hubeba nishati ya uniti 33 tu, na mtambo ulio ndani ya gari, unaoigeuza kuwa umeme tena, hupoteza karibu nusu yake. Hapo haijahesabiwa nguvu ya kuishindilia gesi mitungini. Kinachoyafikia magurudumu ni kama theluthi moja ya umeme ulioanza safari, pengine chini ya hapo. Betri hufikisha theluthi mbili na zaidi. Si ajabu basi kwamba magari ya umeme yaliyoenea Reykjavik hii leo ni ya betri.

Kwa Afrika Mashariki kisa hiki si cha mbali. Wataalamu wengi wa Kenya wa umeme wa mvuke walipata mafunzo yao huko huko Iceland. Na huko Olkaria, karibu na Naivasha, usiku mahitaji yanaposhuka, mvuke huachiwa upotee hewani. Hapo ndipo wapigia debe wa haidrojeni wanaposikilizwa: afadhali kupoteza theluthi mbili kuliko kupoteza vyote.

Hata hivyo, mtambo wa kutenganisha maji ni ghali, na ukifanya kazi saa chache za usiku kila kilo huzidi kuwa ghali. Isitoshe, saa hizo hizo ndizo mabasi ya betri, yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, yanapolala na kuchajiwa.

Mkakati wa haidrojeni ambao Kenya iliuzindua Septemba 2023 umeitanguliza mbolea, bidhaa ambayo nchi hiyo huagiza kwa wingi, kuliko usafiri. Kwa hiyo atakayeionja kwanza haidrojeni hiyo huenda akawa mkulima wa mahindi wa Kitale, wala si dereva wa matatu, iwapo bei yake itaishinda ile ya magunia yanayoshushwa Mombasa.